Dhambi Moja Isizae ya Pili

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Amma baad:

Katika darsa yetu yameletwa masuala mawili kutoka bara, moja la Kitale na moja la Bungoma, na walioyaleta ni watu wa pwani ambao riziki imewapeleka huko. Suala la Kitale ni la mfanyabiashara wa mahindi. Yeye na mkewe walipimwa damu, mke akaonekana salama, naye mume akaonekana ana virusi vya UKIMWI. Daktari akamwamuru anywe dawa kila siku, na kila amwendeapo mkewe atumie mpira wa kinga, huu uitwao kondomu. Wenzake msikitini wakamwambia kwamba mpira huo ni haramu kwa kuwa ni chombo cha wazinifu. Auliza amfuate nani.

Suala la Bungoma ni la mwalimu wa chuo cha Kurani. Malori yatokayo bandari ya Mombasa kwenda Malaba na Uganda hupita katika mji ule, na mengine hulala hapo au jirani yake. Miongoni mwa madereva na mataniboi wamo vijana wetu wa Kiislamu, ambao huswali nyuma yake Magharibi na Isha, kisha usiku huenda pasipostahiki. Yeye auliza: je, yamfalia kuwaambia wamche Mwenyezi Mungu na waache zinaa, na asiyeacha basi walau asiwapelekee mke na watoto maradhi? Au akisema maneno ya pili atakuwa ameyavunja ya kwanza?

Tumeona masuala haya si ya watu wawili tu. Ni ya kila nyumba ya Mombasa, Malindi, Lamu na Kwale iliyo na mtu safarini, na kwa hivyo tumependa kuyajibu hapa mbele ya wote.

Twajua wako watakaochukia kuona jambo hili limeandikwa katika karatasi ya dini. Kwao twasema kwa heshima: hayo mnayoyaonea haya yamo katika vitabu vyenu. Mtoto wa miaka kumi akisomeshwa mlango wa twahara husomeshwa janaba, hedhi, nifasi, manii na madhii, na mwalimu hasiti wala hacheki. Bibi Aisha, radhi za Mungu zimshukie, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuilia kujifunza dini yao. Haya ni katika imani, lakini haya imzuiayo mtu kumwokoa nduguye si haya, ni woga uliovaa kanzu ya haya. Wazee wetu wamekwisha kutuambia kuwa mficha uchi hazai, na kuwa mficha maradhi kifo humuumbua.

Basi na tuanze kwa kuyajua maradhi yenyewe, kwani kutoa hukumu juu ya jambo ni tawi la kulijua. Virusi hivi vilitambuliwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1984, na mwaka 1999 Rais Moi akayatangaza maradhi haya kuwa ni msiba wa taifa. Huishi katika damu, katika manii, katika majimaji ya tupu ya mwanamke na katika maziwa ya mama. Haviambukizi kwa kupeana mikono, wala kwa kula sinia moja, wala kwa kuswali bega kwa bega. Mtu aweza kukaa navyo miaka mingi akiwa na afya na sura njema, na huku avigawa bila ya kujua. Uchunguzi mkubwa uliofanywa na serikali ya Kenya mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika watu wazima wa miaka 15 hadi 64, wanawake wenye virusi hivi walikuwa asilimia 6.6 na wanaume asilimia 3.1.

Lakini iko hesabu nyingine ambayo twamwomba msomaji asiipite upesi. Uchunguzi uliochapishwa Kenya mwaka 2009, wa kutafuta maambukizo mapya yatoka wapi, ulikadiria kwamba asilimia 44 hivi yalitokea baina ya mume na mke, au baina ya watu wawili wakaao pamoja kwa kudumu. Tazama basi: sehemu kubwa kuliko zote haikutoka kwa makahaba na wateja wao. Ilipatikana katika kitanda cha nyumbani. Mtu mmoja alikipeleka kitu nyumbani, na mwenzake akakipokea naye hana khabari. Twasema haya si kwa kuwatuhumu wanaume peke yao, kwani wako pia wanawake walioingia ndoani wakiwa na maradhi wasiyoyajua. Twasema ili kila mtu ajue kwamba ule ukuta ambao tulidhani watulinda, yaani ndoa, una mlango, na mlango huo ufunguo wake uko kwa aliye safarini.

Tuliangalie suala la Kitale, ambalo ndilo jepesi. Mpira wa kinga ni kitu, na kitu hakina dhambi. Kisu humchinja mbuzi wa Idi, na kisu hicho hicho humuua mtu, na hukumu humwendea mshika kisu. Asili ya vitu ni halali mpaka ije dalili ya kuviharimisha. Na jambo linalofanana sana na mpira huu sahaba walilijua, nalo ni azili, yaani mume kujitoa kabla ya kushusha manii. Jabir bin Abdillahi, radhi za Mungu zimshukie, amesimulia kwamba wakilifanya katika zama ambazo Kurani ilikuwa ikiteremka, wala hawakukatazwa, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Ni kweli kwamba imekuja hadithi nyingine iliyolifananisha na kumzika mtoto kwa siri, na kwa ajili yake baadhi ya wanavyuoni wamelikirihisha. Lakini walio wengi wameliruhusu, na wengi wao wakashurutisha ridhaa ya mke. Imamu Ghazali katika Ihya yake ameihalalisha azili akahesabu sababu zake, na miongoni mwake ni kumkhofia mke asihatarike kwa uzazi. Ikiwa imejuzu kwa khofu ya mimba, ambayo ni neema, itakuwaje isijuzu kwa khofu ya maradhi, ambayo ni balaa?

Bali sisi hatusemi yajuzu tu. Twasema kwamba kwa mtu huyu wa Kitale kumlinda mkewe ni wajibu. Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza mtu kudhuru na kudhuriana. Amekataza mwenye ngamia wagonjwa asiwalete penye ngamia wazima. Ikiwa ngamia wamehifadhiwa hivi, je, mwanamke wa Kiislamu aliyeolewa kwa neno la Mwenyezi Mungu? Na Kurani imetukataza tusijitupe katika maangamizo kwa mikono yetu. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Abu Dhabi mwaka 1995, ilikata shauri kwamba kumwambukiza mtu maradhi haya kwa makusudi ni haramu na ni jinai, na kwamba mwenzi aliye mzima ana haki ya kuomba kutengana na aliye mgonjwa. Basi mke huyu, akiamua kukaa na mumewe, huo ni wema wake, na haufai kulipwa kwa khatari.

Na wale wasemao kuwa kujikinga ni kukosa kumtegemea Mungu, na wamkumbuke Seyyidna Umar. Katika mwaka wa 18 wa Hijra alikuwa njiani kuingia Sham, akafika mahali paitwapo Sargh, akapewa khabari kwamba tauni imeingia nchi ile, akaamuru watu warudi. Abu Ubaida akamuuliza kama akimbia kadari ya Mungu, na Umar akamjibu kwa maana ya kuwa waitoka kadari ya Mungu waiendea kadari ya Mungu. Na yule bedui aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila ya kamba na ategemee, aliambiwa amfunge kwanza kisha ategemee. Mpira huu, na dawa ile ya kila siku, ndiyo kamba ya ngamia wako, ewe ndugu yetu wa Kitale. Ufunge, kisha useme tawakkaltu.

Sasa twalifikia suala la Bungoma, nalo ndilo zito, na hatutaki kulifanya jepesi.

Wapingao wana hoja mbili zenye nguvu, na si insafu kuzipunguza. Ya kwanza wasema: Kurani haikukataza zinaa peke yake, imekataza hata kuikaribia, na kuziba njia za haramu ni msingi katika sharia. Kijana akihakikishiwa kwamba yuko mpira wa kumkinga, khofu iliyokuwa ikimzuia itaondoka, na aliyekuwa hataki ataingia. Ya pili wasema: tumekatazwa kusaidiana katika dhambi na uadui, na amwoneshaye mtu namna ya kuzini salama amemsaidia.

Ni katika fikira kama hizi lilipotokea tukio la Uhuru Park, Nairobi, mwaka 1996. Kadinali Maurice Otunga, mkuu wa Wakatoliki wa Kenya wakati ule, ambaye alizaliwa mwaka 1923 huko huko Bungoma ilikotoka barua hii, alisimamia kuchomwa moto kwa mipira ya kinga na karatasi za kufundishia matumizi yake, na baadhi ya viongozi wa Kiislamu wakashirikiana naye. Nia zao twaziheshimu, kwani waliona vijana wanaharibika na biashara ya ufuska inatangazwa kama kwamba ni soda. Na Kadinali, aliyefariki mwaka 2003, alijulikana hata kwa wasio wa dini yake kuwa ni mtu mnyenyekevu. Lakini yatupasa tuulize: moto ule uliunguza nini? Uliunguza mpira na karatasi. Matamanio haukuyaunguza, wala virusi. Usiku ule malori yalilala Bungoma na Malaba kama kawaida yake, na aliyekuwa akienda alikwenda. Tofauti ni kuwa mtu akichomewa pia karatasi ya kumfundisha, atakwenda bila ya kujua.

Kwa hivyo twaijibu hoja ya kwanza hivi. Ni kweli kwamba njia ya haramu huzibwa. Lakini njia za kuendea zinaa ni ulevi, ni umasikini umsukumao binti kuuza mwili wake, ni mume kukaa miezi mbali na mkewe, ni nyumba ya kulala wageni iliyo danguro, ni mahari makubwa yanayomzuia kijana kuoa. Hizi ndizo njia, na wengi wetu tumezinyamazia. Atakaye kuziba na azibe hizi kwanza. Ama khofu ya maradhi, hiyo si takwa. Aachaye zinaa kwa kukhofu virusi peke yake, siku atakapopata dawa ataifanya. Sisi twataka aiache kwa kumkhofu Mola wake, ambaye hakuna mpira wa kumkinga mtu naye.

Na hoja ya pili twaijibu kwa kisa alichokitaja Ibn al-Qayyim juu ya mwalimu wake, Ibn Taymiyya. Katika siku za Matatari alipita yeye na wenzake penye kundi lao likinywa ulevi, na mmoja wa wenzake akataka kuwakataza. Ibn Taymiyya akamzuia, na maana ya maneno yake ni kwamba ulevi umeharimishwa kwa kuwa humzuia mtu na kumkumbuka Mungu, na hawa ulevi wawazuia na kuua watu na kupora mali yao. Hakuna aliyekuwa mkali juu ya munkari kuliko mtu yule. Lakini alijua kwamba kuondoa uovu kwa njia iletayo uovu mkubwa zaidi si kuondoa.

Huenda mtu akasema, na atakuwa amesema kweli: Ibn Taymiyya aliwaacha, lakini hakuwamiminia. Naam, na hapa ndipo penye mpaka ambao mwalimu wetu wa Bungoma yampasa aujue. Kumtafutia mtu mwanamke ni kummiminia. Kumlipia chumba ni kummiminia. Kumpa mpira huku unacheka naye, na kumwambia kuwa mambo sasa ni salama, huko nako ni kummiminia, kwani umeipamba dhambi. Lakini kumwambia: "Hili ni haramu, nalo litakuhukumu mbele ya Mungu, nami nakusihi uliache, na ukishindwa na nafsi yako, basi usiongeze dhuluma juu ya uasi, wala usimuue asiyekukosa", huko ni kumpokonya kisu mlevi. Ulevi wake umebaki juu yake, na wewe umeiokoa roho ya mtu wa tatu.

Na asili ya shauri hili ni mgawanyo ambao kila mwanafunzi wa dini aujua. Yako madhambi baina ya mja na Mola wake, na yako madhambi baina ya mja na mja mwenziwe. La kwanza, mtu akitubia kwa kweli, mlango wa msamaha u wazi. La pili halifutiki mpaka aliyedhulumiwa arudishiwe haki yake au asamehe. Mwanamume anayezini Bungoma ana dhambi ya kwanza. Akirudi Mombasa akamwendea mkewe bila ya kupima wala kujikinga, amejitia katika ya pili, nayo ni nzito mno, kwani atamrudishia nini? Afya yake haina fidia sokoni. Na mtoto akizaliwa na maradhi, atamwomba nani msamaha? Dhambi ya kwanza haimpi mtu ruhusa ya kuzaa ya pili, wala haimwondolei wajibu wa kuizuia. Na mwalimu aliyenyamaza, akijua kwamba neno lake lingeiokoa nyumba ile, hawezi kusema kuwa alinyamaza kwa ajili ya dini.

Wala hatuko peke yetu katika fikira hii. Jirani zetu wa Uganda walilikabili jambo hili kabla yetu. Mwaka 1989 Mufti wa nchi ile alitangaza jihadi dhidi ya UKIMWI, na Jumuiya ya Madaktari wa Kiislamu ya Uganda ikawakusanya maimamu na kuwafundisha ili nao waende wakafundishe nyumba kwa nyumba. Mwanzo maimamu wengi waliukataa mpira kabisa. Baada ya kusikilizana na madaktari walikubali ufundishwe, khasa katika ndoa, na utanguliwe na mafundisho ya kujizuia na uaminifu. Haikuwa kwamba walibadilisha hukumu ya zinaa. Walitambua kwamba mtu akifa hana tena nafasi ya kutubia.

Sasa, kwa kuwa elimu ya nusu ni khatari kuliko ujinga, tutaeleza kwa ufupi namna ya kuuchagua mpira huu na kuutumia, kama wasemavyo madaktari.

Unaofaa ni ule wa mpira khalisi au wa plastiki laini iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Ile iliyotengenezwa kwa utumbo wa kondoo haizuii virusi. Tazama tarehe ya mwisho iliyoandikwa juu ya pakiti, na uwepo wa alama ya Shirika la Viwango la Kenya. Kisha ibonyeze pakiti kwa vidole, ukisikia kuna hewa ndani basi ni nzima. Usiuweke katika pochi ya suruali kwa majuma, wala katika dashibodi ya lori juani, kwani joto na msuguano huuoza. Ifungue pakiti kwa vidole, si kwa meno wala mkasi. Uvae wakati uume umesimama na kabla ya kugusana kokote. Bana ncha yake ili hewa itoke na pawe na nafasi ya manii, kisha uteremshe mpaka shinani. Ukiwa umeuanza kinyume, utupe na uchukue mwingine, usiugeuze. Usivae miwili pamoja, kwani hukwaruzana na kupasuka. Baada ya kumaliza, ushike shinani na ujitoe kabla uume haujalegea, uufunge fundo, uuzungushie karatasi na uutupe jaani au chooni cha shimo. Kila mara mpira mpya.

Na hapa pana jambo ambalo watu wa pwani khasa wanapaswa kulijua. Sisi ni watu wa mafuta: mafuta ya nazi, mafuta ya uto, mafuta ya kukandia na ya manukato. Yote haya, pamoja na Vaseline, huulegeza mpira hata ukapasuka kwa muda mfupi. Atakaye kulainisha na atumie vilainisho vya maji viuzwavyo dukani mwa dawa. Tena, kwa mujibu wa madhehebu yetu ya Shafii, kuvaa mpira hakuondoi wajibu wa kuoga janaba, asidanganyike mtu.

Mpira ukipasuka na pana shaka ya virusi, upesi aende hospitali. Iko dawa ya dharura ambayo ikianzwa ndani ya saa 72, na bora zaidi ikianzwa mapema, na ikinywewa siku 28, hupunguza sana uwezekano wa kuambukizwa. Na yuko pia mpira wa kike, ambao mwanamke huuvaa mwenyewe ndani, nao wafaa khasa kwa mke ambaye mumewe hataki kuvaa.

Lakini mtu asiuabudu mpira. Uchunguzi wa wenzi ambao mmoja wao alikuwa na virusi ulionyesha kwamba wautumiao kila mara hupunguza maambukizo kwa asilimia 80 hivi. Asilimia 80 ni nyingi, wala si 100. Vivyo hivyo tohara: majaribio matatu, moja lao lilifanywa Kisumu, yalionyesha kwamba humpunguzia mwanamume uwezekano wa kuambukizwa na mwanamke kwa kadiri ya asilimia 60. Tumesikia watu wetu wakijigamba kwamba Muislamu katahiriwa hapati, na Wabukusu wa Bungoma na Trans Nzoia, ambao huwatahiri vijana wao kila mwaka wa shufwa, nao wana wenye kujigamba hivyo. Tohara ni sunna iliyo na faida, si hirizi, na mke hapati kinga yoyote kwa kuwa mumewe aliyeambukizwa ametahiriwa.

Ama ndugu yetu wa Kitale twampa bishara. Uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2011 ulithibitisha kwamba dawa zikianzwa mapema hupunguza maambukizo baina ya wenzi kwa asilimia 96, na tangu hapo madaktari wameafikiana kwamba mtu ambaye virusi vyake vimeshuka hata havionekani katika kipimo, naye adumu na dawa zake, hamwambukizi mwenziwe kwa tendo la ndoa. Basi anywe dawa zake kama aswalivyo swala zake, kwa wakati. Ashike mpira mpaka daktari amwambie vinginevyo. Na wakitamani mtoto, wasikate tamaa, kwani kwa shauri la daktari wengi wa hali yao wamezaa watoto wazima.

Limebaki neno moja, nalo ni la wale ambao hawakutuandikia barua, na huenda hawatatuandikia kamwe: wake wanaongoja nyumbani. Mwanamke wa Mombasa au Kwale ambaye mumewe huja baada ya majuma sita, naye ana shaka juu yake, afanye nini? Amesomeshwa kwamba mke amkataaye mumewe hulaaniwa na malaika. Hadithi hiyo ni sahihi. Lakini wanavyuoni wameeleza kwamba ni kwa mke akataaye bila ya udhuru, na kukhofia maradhi ya kuua ni udhuru ulio wazi. Mke akisema, "Twende sote tukapimwe kwanza, au uvae kinga", hajaasi. Ametaka haki yake. Na mume mwenye imani, aliyetulia katika njia yake, hataona uzito kupimwa. Aonaye uzito na ajiulize kwa nini. Nasi tukiwa ni mashekhe, tunaoletewa wanawake hawa wakilia, tusiwarudishe kwa neno la subira tu, huku twajua kwamba subira hiyo itawapeleka kaburini. Subira haikuwekwa iwe kamba ya kumfungia mtu penye moto.

Kwa hivyo jibu letu ni hili. Mwenye mke na ana virusi, kinga ni wajibu juu yake na dawa ni wajibu juu yake. Mwenye kusafiri, uaminifu ndiyo kinga ya kwanza na iliyo bora, na bora aoe, au amchukue mkewe, au arudi mapema, kuliko kuishi katika maasia. Aliyeteleza na atubie leo, apimwe, na asimguse mkewe mpaka ajue hali yake. Anayeendelea, naye hataki kusikia, aambiwe haramu kuwa ni haramu bila ya kulegeza, kisha aambiwe asidhulumu. Na mwalimu wetu wa Bungoma aseme maneno yake yote mawili kwa mpango aliouandika mwenyewe: kwanza la takwa, na kisha la kinga. La pili halilivunji la kwanza, bali humhifadhi mtu mpaka siku ambayo la kwanza litauingia moyo wake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu, awaponye wagonjwa wetu, awarudishe wasafiri wetu wakiwa wazima wa mwili na wa dini, na atupe ulimi wa kusema haki hata palipo na haya. Wabillahi tawfiq.